Namba ya fungu la risasi

Kwenye shabaha ya mita 50, duara la pointi 10 lina kipenyo cha milimita 10.4. Mpigaji hodari anaweza kulala kifudifudi, akatuliza pumzi, akavuta kifyatulio bila kutikisika, na bado akalikosa kwa sababu ya jambo lililotokea kiwandani.

Risasi ya .22 huwashiwa ukingoni. Kemikali ya kuwashia hutiwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa ili isambae kwenye mkunjo wa kitako. Isiposambaa sawasawa, moto hutofautiana, na kasi pia. Risasi hizo hutoka kwa karibu mita 325 kwa sekunde. Mbili zikipishana kasi kwa mita 10 tu kwa sekunde, ile ya polepole hugonga karibu milimita 8 chini ya mwenzake.

Ndiyo maana watengenezaji kama Eley wa Uingereza na Lapua wana vyumba ambamo bunduki ya mshindani hufungwa imara na kujaribiwa kwa mafungu mbalimbali ya uzalishaji. Fungu linalokubaliana na mtutu mmoja laweza kukataliwa na mwingine, hata kama bunduki ni za aina moja.

Hapa hesabu hudanganya wengi. Matundu matano yaliyosongamana hayathibitishi kitu, kwani upana wa kundi huamuliwa na matundu mawili tu yaliyoachana zaidi. Ukijaribu mafungu kumi kwa risasi tano tano, mshindi huenda ni mwenye bahati. Piga makumi, pima umbali wa kila tundu kutoka katikati, kisha mpime mshindi upya. Mara nyingi matokeo ya pili huwa mabaya kuliko ya kwanza, na hayo ndiyo ya kuaminiwa zaidi.

Minembwe, kwenye nyanda za juu za Fizi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, risasi inajulikana kwa vijiji vilivyochomwa, ng'ombe walioporwa na familia zilizokimbilia Baraka. Hizo ni risasi za kijeshi, lakini nazo huzaliwa kwa mafungu. Kitako cha ganda mara nyingi huonyesha alama ya kiwanda na mwaka. Kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo, lililoundwa 2004 baada ya vikwazo vya silaha vya 2003, husoma alama hizo. Tatizo ni kwamba namba ya fungu kwa kawaida hubaki kwenye sanduku, na sanduku hutupwa. Tena, makubaliano ya kimataifa ya 2005 ya kufuatilia silaha ndogo yaliziacha risasi nje, pengo ambalo naliona kubwa mno kwa watu wanaouawa nazo.

Kiufundi, hakuna kinachozuia namba kugongwa kwenye ganda lenyewe. Tangu sheria yake ya 2003, Brazil inadai hivyo kwa risasi zinazouzwa kwa vyombo vyake vya usalama.