SETILAITI ZINAVYOPIMA MVUKE NA PEPO ZA ANGA YA JUU

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, na usemi huo haujapungua ukweli wake hata leo. Lakini mawingu nayo yana dalili zake, na hizo hazionekani kwa macho. Kabla ya wingu kutokea huwapo mvuke, na kabla ya mvuke kufika mahali huwapo upepo ulioubeba. Wataalamu wa hali ya hewa wanaotaka kujua kama mvua itanyesha, au kama dhoruba itakua na kuangamiza watu, hawana budi kuuchungulia mvuke huo na pepo hizo, hasa katika anga ya juu, kilomita 5 hadi 15 kutoka ardhini.

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wamezijua pepo za kaskazi na kusi kwa karne nyingi. Hizo ni pepo za chini, zinazojaza tanga la jahazi. Juu yake zipo nyingine ambazo pengine huelekea upande tofauti kabisa. Katika miezi ya Juni hadi Septemba, kusi inapovuma baharini kuelekea Bara Hindi, juu sana, kiasi cha kilomita 15, hupita upepo wenye kasi utokao mashariki, kutoka Bara Hindi kuja Afrika. Nahodha aliye chini hana bendera wala tanga la kumwonyesha upepo huo.

PUTO NA UPUNGUFU WAKE

Chombo cha zamani cha kuzipima pepo hizo ni puto. Kila siku, vituo vingi duniani hurusha puto lililofungiwa kisanduku chenye vipimo vya joto, unyevu na kanieneo ya hewa. Kwa saa za Afrika Mashariki kazi hiyo hufanywa karibu na saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Puto hupanda mpaka kilomita 30 hivi, huku likituma habari kwa redio, kisha hupasuka.

Vipimo vya puto ni vizuri mno, lakini puto moja hueleza habari za mahali pamoja tu. Katika Afrika vituo vya namna hiyo ni vichache na vimetengana mbali, na katikati ya bahari hakuna mtu wa kurusha puto. Na ni huko baharini ambako vimbunga huzaliwa.

JICHO LISILOFUMBA

Tarehe 1 Aprili 1960 Marekani ilirusha TIROS-1, setilaiti ya kwanza iliyofanikiwa kupiga picha za hali ya hewa. Ilifanya kazi kwa siku 78 tu, lakini ilileta maelfu ya picha za mawingu. Kasoro yake ni kwamba ilipita mahali mara moja na kuondoka. Hatua kubwa zaidi ilipigwa mwezi Desemba 1966, iliporushwa ATS-1. Chombo hicho kiliwekwa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Katika umbali huo setilaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe, kwa hiyo huonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja. Kamera yake ilibuniwa na Verner Suomi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na kwa mara ya kwanza wataalamu wakaweza kuyatazama mawingu yale yale yakitembea mchana kutwa.

Tarehe 23 Novemba 1977 nchi za Ulaya zikarusha Meteosat ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza, miongoni mwa setilaiti zinazosimama mahali pamoja, kupewa jicho la kuuona mvuke.

MVUKE USIOONEKANA

Mama wa nyumbani anaweza kulielewa jambo hili jikoni mwake. Birika linapochemka, hutoka moshi mweupe mdomoni. Akitazama kwa makini ataona kwamba karibu kabisa na mdomo wa birika pana nafasi ndogo isiyo na kitu. Hapo ndipo ulipo mvuke wa kweli. Ule weupe wa mbele ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa. Vivyo hivyo mbinguni: wingu ni matone au chembe za barafu, na mvuke wenyewe hauonekani.

Hata hivyo, mvuke hunyonya joto. Ardhi na bahari hutoa miale ya joto kuelekea juu usiku na mchana, na mvuke huizuia hasa miale yenye mawimbi ya urefu wa sehemu 6 hadi 7 katika elfu ya milimita. Setilaiti ikitazama kwa mawimbi hayo haiwezi kuiona ardhi, bali huona joto la mvuke ulio juu. Mahali penye mvuke mwingi, joto lipatikanalo ni la tabaka za juu zilizo baridi, na picha huonyeshwa kwa weupe. Mahali pakavu, jicho hufika chini zaidi kwenye hewa yenye joto, na picha huwa nyeusi. Mkanda mweusi aghalabu huwa ni alama ya hewa inayoshuka na kukauka, ambayo huua mawingu yanayojaribu kuinuka.

KUPIMA KASI KWA PICHA

Upepo nao hupimwa kwa njia ambayo askari wa usalama barabarani ataitambua mara moja. Gari likipita alama mbili, na umbali na muda vikijulikana, kasi yake haifichiki. Kompyuta huchukua kipande cha wingu, au cha mvuke pale pasipo na wingu, na kukitafuta katika picha inayofuata. Kikiwa kimehama kilomita 30 kwa dakika 15, basi upepo unakwenda kilomita 120 kwa saa.

Ugumu uko katika kuujua urefu wa kwenda juu. Wataalamu huukadiria kwa joto, maana hewa hupoa kadiri inavyopanda. Lakini wingu jembamba hupitisha joto la chini yake, likaonekana kana kwamba liko chini kuliko lilivyo. Kwa sababu hiyo puto halijaachwa: ndilo linaloisahihisha setilaiti. Toka mwaka 2018 hadi 2023, setilaiti ya Ulaya iitwayo Aeolus ilijaribu njia nyingine, ikiupima upepo kwa mwanga wa leza uliorudishwa na hewa yenyewe.

PWANI NA VIMBUNGA

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kuangusha minazi na mikarafuu kwa wingi. Mwaka 1952 kingine kilipiga Lindi. Hakuna setilaiti iliyokuwapo kuwaonya wenyeji.

Mwezi Mei 2024 mambo yalikuwa tofauti. Wakati huo Meteosat-9 ilikuwa imesimama juu ya Bahari ya Hindi, upande wa Somalia, ikijizungusha kama pia mara 100 kwa dakika na kuleta picha mpya kila dakika 15. Kimbunga Hidaya kilionekana kikijikusanya, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatoa onyo kabla hakijafika Mafia. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto, hewa yenye unyevu, na pepo za juu zisizopingana sana na za chini. Zikipingana kwa nguvu, hukikata kimbunga katikati kama mtu akatavyo shina la mti. Ndiyo maana picha za mvuke na hesabu za pepo ni nguzo ya onyo lolote.

Setilaiti haiwezi kuzuia dhoruba, wala haiwezi kumvuta mvuvi arudi pwani. Kazi yake hukomea kwenye meza ya mtaalamu, na ya mtaalamu hukomea kwenye redio. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya askari anayefunga bandari, ya nahodha anayekubali kungoja, na ya mama anayewazuia watoto kwenda ufukoni siku ambayo mbingu, kwa macho ya kawaida, bado ni nyeupe.