Mkono wa Mafuta: Usimpakie Mtu Kabla Hujaijua Pikipiki

Wapo miongoni mwetu waliojifunza kuendesha pikipiki Uvira, Bujumbura au Kigali, ambako vyombo vya moto hupita upande wa kulia. Walipofika Malawi iliwabidi wajifunze upya, kwa kuwa hapa, kama ilivyo Tanzania, vyombo hupita kushoto. Kila mmoja wao anafahamu kwamba akili huipokea kanuni mpya kwa siku moja, lakini mwili huchelewa kuiacha ya zamani. Makala haya yanahusu mazoea mengine ya mwili yasiyozungumzwa sana, nayo ni mazoea ya mkono wa kulia uzungushao mafuta.

Kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, iko kati ya kilomita 40 na 50 kutoka Lilongwe. Wakazi wengi hutegemea pikipiki za abiria, ambazo hapa Malawi huitwa kabaza, kuwafikisha sokoni, hospitalini na kwenye basi. Madereva nao huazimana pikipiki, huzikodi na kupokezana zamu. Anayempakia mama na mtoto wake leo jioni huenda anaendesha pikipiki ambayo asubuhi hakuwahi kuigusa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mkono wa mafuta wa pikipiki moja si sawa na wa nyingine.

Katika pikipiki nyingi za kabaza, mkono huo umefungwa kwenye waya wa chuma unaopita ndani ya mpira hadi kwenye kabureta. Ukizungusha, waya huvuta, njia ya hewa na mafuta hufunguka, na injini huongeza nguvu. Ukiachia, springi hurudisha kila kitu mahali pake. Mwanzoni mkono huzunguka kidogo bure kabla ya waya kukaza. Kwa pikipiki nyingi nafasi hiyo ni milimita 2 hadi 6 kwenye ukingo wa mshiko. Dereva huhisi kila hatua kiganjani, kwa maana kiganja na injini vimeunganishwa moja kwa moja.

Kuna mfumo mwingine, ambao Yamaha iliutia katika pikipiki yake ya mbio YZF-R6 ya mwaka 2006, na leo umeenea katika pikipiki kubwa. Humo hakuna waya unaovuta kilango cha hewa kutoka mkononi moja kwa moja. Vitambuzi hupima mkono umezungushwa kiasi gani na kupeleka habari kwenye kompyuta ya injini. Kompyuta hupima pia mwendo na mzunguko wa injini, kisha huamuru mota ndogo ifungue kilango. Kwa maneno mengine, mkono huomba na kompyuta huamua. Vitambuzi huwekwa zaidi ya kimoja ili vikaguane: vikipingana, kompyuta hupunguza nguvu na taa ya onyo huwaka. Uzito ambao dereva anauhisi mkononi hutokana na springi iliyowekwa makusudi ili mkono usipotee.

Kwa hiyo kuzungusha kulekule kunaweza kuleta nguvu tofauti kabisa. Pikipiki moja inaweza hata kuwa na hali mbili au tatu za kuchagua kwa kitufe: moja ya upole kwa barabara yenye maji, nyingine ya kurukia mbele. Zaidi ya hayo, pikipiki ya mbio ya sentimita za ujazo 1,000 ina nguvu zaidi ya mara kumi ya kabaza ya 125. Kwenye barabara ya mashimo, mtikisiko mmoja wa kifundo cha mkono unaotosha tu kuishtua kabaza unaweza kulinyanyua gurudumu la mbele la pikipiki hiyo.

Mfumo wa umeme hauishii kwa pikipiki za fahari. Pikipiki zinazotumia betri zote hupokea amri ya mkono kwa njia hiyo, nazo zinazidi kuenea katika ukanda wetu. Jijini Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazotumia petroli hazisajiliwi tena. Pikipiki ya betri hutoa nguvu mara tu inapoguswa, na ikiwa imesimama haina mlio. Mtoto akizungusha mkono wake akidhani imezimwa, itaondoka naye. Zima na uchomoe ufunguo kila unaposhuka.

Kabla ya kumpakia mtu kwenye pikipiki usiyoizoea, fanya haya. Injini ikiwa imezimwa, zungusha mkono hadi mwisho na uachie: lazima urudi wenyewe kwa haraka. Kisha washa, iache ingurume taratibu, na geuza usukani kushoto hadi mwisho, halafu kulia. Mlio ukipanda, waya umekaza au umepita pabaya, usiondoke nayo. Mwisho, endesha peke yako mahali pa wazi, ukiongeza na kupunguza mafuta polepole, mpaka mkono wako uijue.

Mafuta yakinasa safarini, kamata klachi ikiwa ipo, bonyeza swichi ya kuzimia injini iliyo karibu na kidole gumba cha kulia, kisha funga breki. Jifunze mahali pa swichi hiyo ukiwa umesimama, kwani wakati wa dharura hakuna nafasi ya kuitafuta.

Tunawaomba pia msiunge nyaya za mkono wa umeme kwa kukisia. Waya wa hasi wa kitambuzi ukikatika, ishara inaweza kupanda kana kwamba mkono umezungushwa hadi mwisho. Mfumo mzuri hutambua kosa hilo na kukata nguvu. Ule duni huenda usitambue.

Mwenye pikipiki anayeikabidhi kwa mwingine amweleze tabia ya mkono wake, kama anavyomweleza hali ya breki. Na abiria ana haki ya kuuliza: "Kaka, pikipiki hii umeizoea?" Swali hilo halimvunjii dereva heshima. Dereva mwema atalijibu kwa ukweli, na ikibidi atamwambia abiria asubiri azunguke nayo kwanza.