Jela au Tiba?

Kijana wa Rusizi, iliyokuwa Cyangugu, akikamatwa akivuta bangi, wazazi hukesha wakijiuliza: atapelekwa wapi?

Sheria ya jinai ya Rwanda ya mwaka 2018 inamwadhibu mtumiaji wa dawa za kulevya kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 2, au kazi za manufaa ya umma. Hata hivyo, iko njia nyingine. Katika kisiwa cha Iwawa, ndani ya Ziwa Kivu, tangu mwaka 2010 wanaume huachishwa ulevi huku wakifundishwa useremala, ushonaji, uashi na kilimo. Mwenye ugonjwa wa akili naye hutibiwa hospitali ya Ndera, Kigali.

Pingu haziponyi, tiba ni bora kuliko jela. Lakini tiba ya kulazimishwa yahitaji mipaka. Kabla ya kufika Iwawa, mtu aweza kuwekwa katika kituo cha muda kwa miezi 2 bila hukumu ya mahakama, jambo ambalo watetezi wa haki za binadamu wamelipinga. Asipoonwa na daktari, wala asijue siku ya kutoka, tofauti yake na mfungwa ni ipi?

Askari amkamataye ndiye wa kwanza kutambua kwamba huyu ni mgonjwa. Jamaa wampokeao ndio wa mwisho, na kazi yao ni nzito zaidi: kumpatia shughuli, kuhakikisha anameza dawa zake, kutomsimanga. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.