Homa Inayorudi Kila Mara kwa Mtoto Mchanga: Dua, Dawa na Wajibu wa Wazazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo:

Hapa Shianda, baina ya Kakamega na Mumias, Uislamu ulifika kwa njia ya misafara ya wafanyabiashara waliotoka pwani. Desturi zetu nyingi za malezi ni moja, na maswali ya akina mama pia ni yale yale. Lililo kubwa ni hili: "Sheikh, mtoto ana miezi saba. Anakohoa na kushikwa na homa, anapoa, kisha baada ya wiki mbili inarudi. Je, si jicho la hasidi?"

Jicho ni haki, na kumsomea mtoto ni jambo jema. Lakini Mtume yule yule aliyetufundisha hayo ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, na akatuamrisha kujitibu. Basi msomee mtoto huku umembeba kuelekea zahanati. Anayeichelewesha dawa kwa kungojea kisomo kiishe hakuifuata Sunna kwa ukamilifu wake.

Tujue kwanza kwamba mtoto mdogo aweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na mengi hupoa yenyewe. Hata hivyo, magharibi mwa Kenya ni eneo la malaria, na homa ya malaria haitambuliki kwa kumgusa mtoto paji la uso. Sharti apimwe damu. Kila homa mpya na ipimwe upya. Na homa yoyote kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili ni ya kupelekwa hospitali siku ile ile.

Kinachotisha zaidi katika kikohozi ni nimonia. Mama aweza kuitambua bila chombo chochote. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya kumpeleka kwa daktari. Na akibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, basi usingoje kupambazuke.

Homa zikizidi kurudi, muulize daktari kuhusu seli mundu, ugonjwa wa damu ambao huku kwetu si haba. Kuvimba kwa mikono na miguu ya mtoto ni miongoni mwa dalili zake.

Kinga nayo ni sehemu ya tawakkul, kama kumfunga ngamia. Chanjo ya kukinga vijidudu vya nimonia hutolewa nchini tangu mwaka 2011, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya malaria ilianza magharibi mwa Kenya mwaka 2019, na Kakamega ni miongoni mwa kaunti zilizotangulia kuipata. Huanza mtoto akiwa na miezi 6. Mtoto na alale ndani ya chandarua, wala asibebwe mgongoni jikoni penye moshi wa kuni na magunzi.

Yapo pia ya kuepukwa. Asali ni shifaa, lakini aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, kwani yaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto wa umri huo. Kukata kimio na kung'oa yale yaitwayo meno ya nailoni ni madhara matupu. Wala asipewe dawa iliyobakishwa na ndugu yake.

Maziwa ya mama ni ngao. Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Mama anayemhofia mwanawe katika Ramadhani ameruhusiwa kufungua. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, atalipa siku zile na kutoa fidia.

Na enyi akina baba: Aya hiyo hiyo imeweka chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye juu yenu, na imekataza mzazi kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Kuna mama anayekaa na mtoto anayetweta usiku kucha, akisubiri simu ya mume aliye Nairobi ampe idhini na nauli. Toeni idhini hiyo leo, mtoto akiwa mzima, na nauli iwekwe nyumbani. Mtoto ni amana, nasi tutaulizwa.

Ewe Mola wetu, waponye watoto wetu, uponyaji usioacha ugonjwa. Amin.