Vita na Utaifa: Muungano wa Ujerumani wa 1871 na Vita vya Kagera vya 1978–1979

Katika maandiko ya historia, muungano wa Ujerumani hutajwa mara nyingi kuwa mfano mkuu wa taifa lililozaliwa vitani. Prussia, chini ya uongozi wa Otto von Bismarck, ilipigana na Denmark mwaka 1864, na Austria mwaka 1866, kisha na Ufaransa mwaka 1870–1871. Tarehe 18 Januari 1871 Dola la Ujerumani likatangazwa katika kasri la Versailles. Makala haya yanalichunguza dai hilo kwa kulitazama kutokea Bukoba na Muleba, ambako dola hilohilo liliacha alama zake na ambako vita vingine, karne moja baadaye, navyo husemwa kuwa viliwaunganisha watu. Hoja ya msingi ni kwamba vita havijengi umoja peke yake. Hukuta vyombo vya umoja vimekwisha kuwapo, vikavilazimisha kufanya kazi pamoja.

Kwa upande wa Ujerumani, umoja wa ushuru wa forodha ulioanza mwaka 1834 ulikuwa umekwisha kuzifunga dola nyingi za Kijerumani katika soko moja kabla ya risasi ya kwanza. Vita vya 1866 viliiondoa Austria katika mashindano, na Hanover ikamezwa na Prussia kwa nguvu. Bavaria, ambayo mwaka huo ilipigana upande wa Austria, iliingia katika dola jipya kwa masharti: ilibaki na posta yake, reli zake, na jeshi lake wakati wa amani. Ushindi wa vitani, kwa maneno mengine, ulihitaji mapatano ya mezani.

Falme za Wahaya, zikiwamo Kiziba, Kyamutwara, Kihanja na Ihangiro (eneo ambalo kwa sehemu kubwa ni Muleba ya leo), hazikuunganishwa kwa njia hiyo. Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, utawala mpya uliwatumia Wakama badala ya kuwaondoa. Kahigi wa Kihanja alijiongezea mamlaka kwa kushirikiana nao. Huo ulikuwa mkusanyo wa kiutawala tu, na haifai kuuita utaifa.

Jambo zito zaidi ni mpaka. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulifuata latitudo ya nyuzi 1 kusini upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, bila kujali mto Kagera unavyopinda. Hivyo eneo la takriban kilomita za mraba 1,800 lililo kaskazini ya mto likabaki upande wa Tanganyika. Ndilo eneo ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba Amin akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka lililipuliwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaharibiwa, mifugo ikaporwa, na maelfu ya wakazi wakakimbilia kusini.

Tarehe 2 Novemba 1978 Rais Julius Nyerere alilitangazia taifa vita. Mwitikio ulikuwa mkubwa, lakini haukutoka hewani. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwapo tangu 1963; machifu walikuwa wamefutwa mwaka huohuo; TANU na ASP zilikuwa zimeungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977; mabalozi wa nyumba kumi walifika hadi vitongojini. Lugha ya kuwaamrisha mgambo wa Mtwara na askari wa Mara ilikuwa moja, na haikuhitaji mkalimani. Bila vyombo hivyo, ni vigumu kueleza jinsi jeshi lilivyopanuliwa kwa miezi michache na kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979.

Vita vilibadili hata jina la mahali: mwaka 1979 Mkoa wa Ziwa Magharibi ukawa Mkoa wa Kagera. Huko Kaboya, wilayani Muleba, wamelazwa askari waliotoka pande mbalimbali za nchi. Katika ardhi ya iliyokuwa Ihangiro, makaburi hayo yanaonesha umoja huo kwa uwazi kuliko hotuba yoyote.

Hata hivyo, tofauti na Ujerumani haipaswi kufunikwa. Ufaransa ililazimishwa kuilipa Ujerumani fidia ya faranga bilioni 5 na kuiachia Alsace pamoja na sehemu ya Lorraine. Tanzania haikuongeza ardhi yoyote. Iliwaomba wananchi wake wafunge mikanda kwa miezi 18, na dhiki ikapita muda huo kwa miaka kadhaa, ikichochewa pia na kupanda kwa bei ya mafuta. Dhiki hiyo iligawanywa nchi nzima. Nyumba zilizochomwa na ng'ombe walioswagwa walikuwa wa watu wa kaskazini ya mto, waliorejea kuanza upya kandokando ya mstari uleule wa 1890.