Ndimu hutuliza tumbo, lakini si kila tumbo

Ukiketi kula pilau au samaki wa kukaanga mjini Malindi au Kilifi, ni nadra kukosa kisahani cha ndimu zilizokatwa. Kwa wenyeji wengi hicho si kiungo tu. Tumbo likijaa gesi au roho ikichafuka, ndimu hukamuliwa katika maji ya uvuguvugu, ikatiwa chumvi kidogo na kunywewa.

Wachina nao wana dawa inayofanana na hii, ila wao hutumia maganda ya chenza. Huyaanika, wakayaweka miaka mitatu au zaidi, kisha wakayachemsha kama chai kwa mtu aliyevimbiwa au mwenye kichefuchefu. Yanayosifiwa zaidi hutoka Xinhui, mkoani Guangdong, na kadiri yanavyozeeka ndivyo bei inavyopanda. Huku kwetu maganda hayo huishia jaani!

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mzazi hafai kulichezea. Mtoto anayeharisha haponi kwa ndimu. Kinachoua katika kuhara ni kuishiwa na maji na chumvi mwilini, na mtoto mchanga anaweza kulegea kwa saa chache. Mnunulie chumvi maalumu ya kuharisha dukani au uichukue zahanati. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya. Macho yakibonyea, akishindwa kunywa, choo kikiwa na damu au kikifanana na maji ya mchele, mkimbize hospitalini.

Wenye kiungulia au vidonda vya tumbo pia wajihadhari, kwa maana ukali wa ndimu huwachokoza zaidi.

Je, ndimu haina kazi basi? Inayo, tena kubwa, lakini kabla ya ugonjwa. Utafiti uliofanywa Guinea-Bissau na kuchapishwa mwaka wa 2000 ulionyesha kuwa waliokula wali kwa mchuzi uliotiwa maji ya ndimu hawakupatwa sana na kipindupindu, kwa sababu vijidudu vyake havistahimili uchachu. Kwa hivyo kisahani kile kibaki mezani, ingawa maji ya kunywa bado yatachemshwa na mikono itaoshwa kwa sabuni.