Maji Hayabebi Tundu

Msomaji mmoja anauliza: ikiwa wakazi wa sakafu ya bahari walikuwa minyoo na jamaa zao, wasio na mfupa wala gamba, wataalamu wanajuaje kwamba uhai ulirudi baada ya kimondo kilichowamaliza dinosaria? Habari za dinosaria zimesimuliwa mno. Mimi nataka matundu waliyochimba minyoo hao, maana jibu limo humo.

Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa miamba ya kreta ya Chicxulub, pwani ya Yucatán huko Meksiko, pale pale kimondo kilipoanguka miaka milioni 66 iliyopita. Juu ya mawe yaliyopondwa na kuyeyuka walikuta tabaka la tope lililogeuka mwamba, unene wake sentimita 76 tu, ambalo kwa hesabu yao lilituama katika muda usiozidi miaka 6. Limejaa magamba ya vijiumbe vya baharini, lakini magamba hayatoshi kuwa ushahidi. Fikiria nyumba baada ya mafuriko. Tope likikauka sebuleni utakuta sufuria ya jirani, kiatu usichokijua, hata kuku aliyekufa mtaa wa pili. Huwezi kusema waliokuwa wakiishi humo ndio wenye vitu hivyo. Ila ukiona tundu la panya limetobolewa kwenye tope lenyewe, ubishi umekwisha: panya amepita hapa, tena amepita maji yakiwa yametulia. Maji hubeba sufuria, hubeba kuku, hayabebi tundu.

Matundu ya Chicxulub yako kwenye sentimita 20 za juu za tabaka hilo. Tuyaite visukuku-alama, yaani alama za viumbe zilizobaki mwambani; “nyayo” haifai, kwa kuwa mnyoo hana mguu. Mchimbaji huoza, tundu hujaa tope la rangi nyingine, na ukikata mwamba doa linaonekana wazi. La kupendeza zaidi, jina la kisayansi hupewa tundu, si aliyelichimba. Planolites ni kijia kisicho na matawi. Chondrites hugawanyika matawi yakielekea chini. Wachimbaji wenyewe hawajulikani. Huenda baadhi walichimba kutokea juu, baadaye kidogo, lakini haidhuru: tundu bado ni ushahidi kwamba uhai ulirudi.

Hao walikuwa watangulizi tu. Ilipita miaka kama 700,000 ndipo wachimbaji wakawa wengi, kila aina na kina chake, akiwemo mwenye kuacha Zoophycos, mizunguko mipana ndani ya tope. Kwa wanajiolojia hiyo ni haraka: baada ya maangamizi ya viumbe ya miaka milioni 252 iliyopita, sehemu nyingi za sakafu ya bahari zilingoja mamilioni ya miaka kabla ya kuchimbwa hivyo tena.